Kadi Iliyotangazwa Maiti

Mzee Kliki alikuwa anaweka kadi kwenye kompyuta huku anaangalia pembeni. Na si pembeni kidogo. Anakutazama wewe usoni, anakuuliza mama hajambo, anakuambia shati lako limefumuka kwapani, na huko chini vidole vyake vinajitafutia vyenyewe sloti, ule mwanya wa kuchomekea kadi, kama mbuzi wanaojua njia ya zizini. Halafu ananyamaza sekunde moja. Kidole gumba kinasukuma, sloti inashika, na yeye anafumba macho kama mtu aliyeonja chai ikakubali.

"Imesema," anasema.

Hapo ndipo jina lilipotoka. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti na kwenye mdomo wa mkewe akikasirika. Kwenye korido ya mafundi, ghorofa ya kwanza, meza ishirini na mbili na taa moja inayopepesa kama jicho lililoingia mchanga, alikuwa Mzee Kliki, basi.

"Masikio yanadanganya," alikuwa anawaambia mafundi wageni. "Korido hii ina kelele kuliko soko la kuku. Sikiliza kwa kidole. Kidole kikisikia kliki, funga mashine, nenda kanywe chai."

Alianza na redio, enzi redio ina mlango wa nyuma kama nyumba. Akaja kwenye televisheni zile zenye mgongo. Akaja kwenye kompyuta kwa umri ambao wenzake walishaanza kuhesabu siku za kustaafu, akajifunza kwa kufungua maiti za mashine za watu na kuzifunga tena mpaka zikafufuka. Hakuwa na cheti hata kimoja cha kompyuta. Alikuwa na vidole kumi, na vilimtosha.

Sasa, ile korido ilikuwa na sheria moja, na sheria ile aliitunga yeye. Zamani mafundi na wauza vifaa walikuwa wanakabana makoo. Fundi anasema kifaa kibovu, muuzaji anasema fundi mbovu, mteja katikati anaota mvi. Siku waliyorushiana kibodi mpaka herufi zikatapakaa ngazi nzima, Mzee Kliki akapanda juu ya stuli, akasema kuanzia leo ni Mashine Tatu. Kifaa kikilalamikiwa, kinajaribiwa kwenye mashine tatu, mchana kweupe, mbele za watu. Anayekiweka ni fundi mlalamikaji, peke yake. Muuzaji haruhusiwi kugusa, asije akakibadilisha kiujanja. Kikikataa mara tatu, ni maiti. Na aliyeuza maiti akaiita mpya, meza yake inageuzwa ukutani, wateja wanapita kama vile pale pamekaa hewa.

Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza itakuwaje kama ubovu uko kwenye mkono wa mlalamikaji. Na wewe usijifanye ungeuliza.

Wakati wa haya ninayosimulia, ubovu ulikuwa kwenye mkono kwa miezi mitano.

Ulianzia miguuni, kama siafu wanapita chini ya ngozi. Ukapanda mikononi. Asubuhi moja Mzee Kliki alishika bisibisi, akaona ameishika, lakini mkono haukumwambia kitu. Ilikuwa kama amevaa glavu ambazo hakumbuki kuzivaa. Akaenda zahanati kimyakimya, akamuaga mkewe kuwa anafuata waya. Daktari akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa ncha za vidole kwa kiuzi cha plastiki. Kati ya mara kumi, Mzee alisema "nasikia" mara mbili, na moja kati ya hizo alibahatisha.

"Ni sukari, mzee. Imeshakula mishipa ya fahamu."

"Vitarudi, daktari?"

"Tutajitahidi isizidi hapo."

Mzee Kliki akatikisa kichwa polepole. Hivyo hivyo ndivyo yeye huwaambia wateja picha zao zote zikiwa zimeshapotea.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Nani atampelekea mashine yake fundi mwenye vidole vilivyokufa? Ni kama kinyozi kipofu: utamwonea huruma sana, lakini kichwa chako utakipeleka kwa jirani. Akaendelea na kazi kwa mazoea, anaangalia pembeni vilevile, anasema "imesema" vilevile. Mwezi wa nne alisukuma kipande cha kumbukumbu ya kompyuta kwa nguvu asiyoipima, bodi ikapasuka, *ta*. Akaificha, akanunua nyingine mtaa wa pili, akaiweka kisirisiri. Tangu siku hiyo akawa anasukuma vitu taratibu, kwa woga, kama mtu anayegusa utosi wa kichanga.

Ndipo ikaja kadi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anahariri video za harusi, korido nzima ilimwita Mama Studio. Kompyuta yake ilikuwa inachemka mpaka maharusi wanaganda katikati ya kukata keki. Mzee Kliki akamshauri aongeze kadi ya grafiki, ile inayobeba kazi ya picha ili mashine ipumue. "Kanunue kwa Binti Boksi," akamwambia. "Useme umetumwa na mimi."

Binti Boksi alikuwa mtoto wa kaka yake Mzee, kaka aliyetangulia. Alipofiwa na baba yake, baba mdogo ndiye aliyemtafutia meza namba kumi na tano, akamwambia uza vifaa, usiuze maneno. Akaitwa Binti Boksi kwa sababu hakuwahi kutupa boksi. Kila kitu kwenye meza yake kilikaa kwenye boksi lake, na plastiki yake, na kile kijifuko cha chengachenga za kunyonya unyevu. Jirani yake, fundi simu mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa anamtania kila siku.

"Binti, ukiolewa mume utamweka kwenye boksi?"

"Wewe nitakutafutia la friji. Mdomo peke yake unahitaji kubwa."

Basi Binti Boksi akaifungua kadi mbele ya baba yake mdogo, mpya, inang'aa, nene kama tofali, feni mbili. Mzee akafungua mashine ya Mama Studio. Akaweka kadi huku anamuuliza Redio habari za mpira. Akasubiri ile sekunde yake moja. Kidole hakikusema kitu. Kwa muda wa miezi mitano kidole hakikuwa kimesema kitu, kwa hiyo akafanya alichozoea kufanya.

"Imesema."

Akakaza skrubu, akachomeka waya wa umeme wa kadi, akawasha. Feni za kadi zikazunguka vizuri kabisa. Skrini ikabaki nyeusi kama sufuria ya msibani.

Akahamisha waya wa skrini kwenye tundu la zamani la mashine. Mashine ikaamka. Akafungua orodha ya vifaa: kibodi ipo, spika zipo, hata kipanya kilichokatika mkia kipo. Kadi haipo. Kompyuta haikusema kadi ni mbovu. Ilisema kadi gani? Sijaona kadi mimi.

Akazima, akawasha. Akapakua draiva, programu ya kuitambulisha kadi kwa mashine, ikamjibu hakuna kifaa. Akaingia kwenye yale maandishi ya bluu yanayotangulia kabla mashine haijaamka, akabadilisha hiki na kile. Hakuna. Akachomoa kadi, akasugua yale meno ya dhahabu yaliyo chini yake kwa kifutio cha penseli, dawa ya mafundi wote duniani, akapuliza, akarudisha. Feni zinazunguka. Kadi haionekani.

Na hizo feni ndizo zilizompoteza kila mtu. Redio alisogea, akachungulia, akasema, "Mzee, inazunguka, maana yake imekaa. Hiyo imekufa ubongo, moyo bado unapiga." Watu wakacheka. Kumbe feni zilikuwa zinakula umeme wa waya wao wenyewe, hazijali kadi imekaa au inaning'inia. Ila kadi ile ilikuwa pana, imefunika sloti yote kama kuku alivyofunika mayai, na hakuna aliyeinama kuangalia chini ya kuku. Nani ainame kumkagua Mzee Kliki? Ungeanza wewe?

Mama Studio akaja saa sita, amebeba pochi na hasira. "Mzee, Jumamosi ijayo nina harusi mbili. Nimenunua kwa binti yenu, nimeletwa na nyinyi wenyewe. Sasa mnaniambia hamna kitu?"

Hapo Mzee angeweza kusema, ngoja niangalie tena vizuri. Lakini kuangalia ni kukubali kwamba vidole havitoshi. Watu walikuwa wanamtazama, na moyoni aliwaza bora kadi ife kuliko mimi.

"Mashine Tatu," akasema.

Binti Boksi aliinuka kwenye meza yake kama mtu aliyeitwa polisi. "Baba mdogo, umeniona nikiifungua. Plastiki ulichana wewe."

"Sheria haina baba mdogo."

Zikaletwa mashine mbili nyingine, moja ya Redio, moja ya meza namba tatu. Korido ikajaa. Mzee akaweka kadi kwenye ya kwanza, mkono mwepesi, utosi wa kichanga. Skrini kimya. Akaweka kwenye ya pili. Kimya. Jenereta linanguruma ngazini, watu wanasukumana, na Binti Boksi amesimama mbele kabisa, mikono ameifunga nyuma ili mtu asije kusema amegusa.

"Baba mdogo," akasema polepole, "mimi sijasikia kliki."

Mzee akainua uso.

"Unasemaje?"

"Sijasikia tu. Labda ni jenereta. Naomba niisukume kidogo, kidole kimoja, mbele yao hapa."

"Ukigusa, kesi imekwisha na wewe umekiri." Sauti yake ilipanda. "Kliki uliifahamu lini wewe? Nimeisikia kabla baba yako hajamposa mama yako! Masikio yako yana nta, mtoto. Nenda kayasafishe ndipo unifundishe."

Redio akacheka, wengine wakafuata. Binti Boksi hakucheka. Aliangalia chini, taya zinamcheza. Mashine ya tatu ikakataa.

"Maiti," akasema Mzee Kliki.

Wakaigeuza meza namba kumi na tano. Watu wawili tu walitosha. Maboksi yakaporomoka upande wa ukutani, na vile vijifuko vya chengachenga vikasambaa sakafuni, watu wanavikanyaga, *kruch, kruch*. Mama Studio alisema atanunua kwingine, akaiacha mashine yake mezani kwa Mzee mpaka apate. Mtu mmoja kutoka meza za mbele alisema kwa sauti ya kusikika, "Anauza maiti kwenye boksi. Hilo si boksi, ni jeneza." Likawa jina. Mpaka saa nane hakuna aliyemwita Binti Boksi tena. Walimwita Binti Jeneza, na huo utani ulishika, kwa sababu utani mbaya unashika kuliko gundi.

Kadi ile Mzee akaichukua mwenyewe, kwa kanuni kwamba maiti haibaki sokoni. Akaitia kwenye mfuko wa rambo, akaenda nayo nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kazi yake kubwa ilikuwa vile vifungo vya chuma vya kubana, vya sare za watoto wa chekechea: unaweka upande huu, unaweka upande huu, unaminya kwa kidole gumba, kinajifunga. Sebule nzima ilikuwa vifungo, vitambaa na pini. Kochi lilikuwa na pini kuliko sponji.

Ilikuwa siku hiyohiyo, Jumamosi, saa tisa mchana, jua limejaa dirishani. Mzee alikaa, akaegemea, akanyoosha mkono kuchukua chai. Mkewe akamtazama ule mkono.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kidole chako kina pini."

Mzee akaangalia. Kweli. Pini yenye kichwa chekundu ilikuwa imezama kwenye ncha ya kidole cha shahada, nusu yake ndani, na tone dogo la damu limezunguka shina lake. Na chai anakunywa.

"Ah," akasema. "Sijaiona."

"Hujaiona au hujaisikia?"

Mwanamke akaweka kitambaa chini. Akaichomoa pini, taratibu, huku anamtazama usoni kama atakunja uso. Hakukunja. Akachukua pini nyingine, akamchoma kidole cha kati kidogo. Akamchoma cha pete. Mzee anatazama dirishani kama abiria.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili. Ni sukari."

"Mwezi wa pili!" Akapiga paja. "Na mimi nakupikia, nakutilia vijiko vitatu, nakuuliza imekolea? Unanijibu ongeza! Mficha maradhi, kifo humuumbua, bwana wewe. Ulitaka nikujue siku ya kukuosha?"

"Nilitaka nifanye kazi."

"Kazi gani kwa vidole vya maiti?"

Hilo neno ndilo lililomchoma, pini hazikuweza. Mzee akageuka, akautazama ule mfuko wa rambo pale chini ya meza. Akautazama muda mrefu. Mkewe akafuata macho yake.

"Kuna nini humo?"

Alinyanyuka, akavuta kompyuta yake ya zamani iliyofunikwa kanga pembeni, akaifungua ubavu. Akaiweka kadi juu ya sloti. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akainama, akaangalia kwa macho. Akasukuma. Akaangalia tena. Meno ya dhahabu yalikuwa yamebaki nje, mstari mwembamba, kama fizi za mtu anayecheka.

"Njoo usukume hapa," akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

"Mimi? Nisije nikavunja."

"Kama kifungo."

Mkewe akafuta vidole kwenye gauni. Akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa, dole lililokwisha minya vifungo visivyo na idadi, akaminya.

*Kliki.*

Alisikia yeye. Mzee hakusikia, lakini alimwona mkewe alivyofumba macho.

Akawasha. Skrini ikawaka, nyeupe, safi. Orodha ya vifaa ikafunguka na kadi ikajitaja jina lake lote, refu, na namba zake, kama mtoto mzuri aliyeulizwa shuleni.

Mzee Kliki akakaa sakafuni katikati ya vifungo.

"Mbona imekubali, halafu wewe unalia?" mkewe akauliza.

Akamweleza. Alipofika kwenye meza kugeuzwa, mwanamke alishika mdomo. Alipofika kwenye Binti Jeneza, alisimama. "Mtoto wa kaka yako," akasema. Akachukua uzi wake, akarudi kwenye cherehani, na jioni ile Mzee alikula kwa kuangalia kijiko mpaka mdomoni.

Jumapili alikwenda kwa shemeji yake, mjane wa kaka. Alimkuta Binti Boksi amekaa barazani na maboksi yote, anaandika karatasi. Kuna mtu wa mtaa mwingine anakuja kesho jioni kubeba yote kwa pamoja, na yeye ataenda kukunja mashuka kwenye hoteli, ameshapata.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema bila kuinua kichwa. Adabu hakuiacha, ila ilikuwa baridi kama sakafu.

"Marahaba, mwanangu. Kadi nzima. Kosa ni langu. Vidole vyangu vimekufa, havisikii. Haikuwa imekaa. Mara zote tatu haikuwa imekaa."

Shemeji yake, aliyekuwa anachambua mchele, alisimamisha mkono. Binti Boksi aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari.

"Nilikuambia sijasikia kliki."

"Uliniambia."

"Ukaniambia nina nta. Wakacheka." Sasa akainua kichwa. "Unataka nikusamehe hapa barazani, mimi na wewe na mama na kuku? Nani atanirudishia jina, kuku? Kaseme kule ulikosemea."

"Nikisema kule, sina kazi tena."

"Najua," akasema yule binti. Macho yake yalijaa maji lakini hayakushuka. "Na mimi nilikuwa nayo, baba mdogo."

Jumatatu asubuhi Mzee Kliki alipanda ngazi za jengo, anaangalia kila kidato. Korido ilimpokea kama mfalme. "Mzee wa haki!" Redio akapiga saluti. "Hata damu yake haipendelei! Viongozi wangekuwa hivi tungekuwa wapi?"

Mzee akapanda juu ya stuli ileile. Akasema. Kadi nzima, binti hana kosa, vidole vyangu vimekufa, rudisheni meza.

Na wakacheka!

Si kwa ubaya. Walicheka kwa mapenzi, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. "Mzee, tunakuelewa," Redio alisema, anamshika bega. "Damu nzito kuliko maji. Shemeji amelia, nyumbani hapakaliki, si ndiyo? Lakini usijitie ulemavu kwa ajili ya mtu. Wewe vidole vyako vife? Vyako? Basi na jua litachomoza na betri." Mwingine akasema sheria ni sheria, mzee mwenyewe ndiye aliyefundisha, haina baba mdogo. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamepangwa kumsubiri kama mawe.

Miaka yote alijenga jina ambalo hakuna mtu angelitilia shaka, na sasa yeye mwenyewe alikuwa analipiga bega kama mlango na halifunguki.

Akashuka kwenye stuli. Akatia mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha mkewe, akakifungua kwa meno. Akakaa mezani kwake, akaweka kiganja juu, chini ya ile taa inayopepesa.

"Mashine tatu," akasema. "Haya, pini tatu. Redio, njoo uchome."

"Ah, mzee, acha utani."

"Unaogopa? Basi."

Akachukua pini ya kwanza, akaichomeka kwenye kidole cha shahada, polepole, mpaka ikasimama yenyewe. Anawatazama usoni. "Mama hajambo?" akamuuliza Redio. Akachukua ya pili, kidole cha kati. "Shati lako limefumuka kwapani." Ya tatu aliisukuma kwenye dole gumba, lile gumba lenyewe, mpaka kichwa cha pini kikagusa ngozi. Damu ikashuka kwenye mistari ya kiganja, ikadondoka kwenye bodi iliyokuwa pale mezani. Uso wake haukucheza hata kope.

Mtu mmoja nyuma akageuka, akatapika kwenye ndoo ya taka. Redio, kwa mara ya kwanza tangu aitwe hivyo, alizima.

"Sasa rudisheni meza ya mtoto," akasema Mzee Kliki.

Wakairudisha. Binti Boksi aliitwa kwa simu, akaja saa tano na yale maboksi kwenye mkokoteni, akiwa ameshamwambia yule mnunuzi wa mtaa mwingine asije. Hakuna aliyemwomba msamaha kwa maneno. Walimbebea maboksi, walikimbizana kumbebea, na aliyetunga lile jina la jeneza alibeba mawili na hakumtazama usoni. Halafu Mzee akatoa kadi kwenye mfuko wa rambo, akamkabidhi kwa mikono miwili, vidole vimefungwa kitambaa cha sare za chekechea.

Jenereta likazimwa. Mtu fulani alitamka tu, "Zimeni," likazimwa, mashine ya Mama Studio ikachomekwa kwenye betri. Binti Boksi akainama, akaangalia, akaweka kadi, akaminya. Korido nzima iliisikia kliki ile, ndogo, kavu, kama mtu amevunja kijiti.

Mzee alikuwa amesimama pembeni yake, kichwa amekiinamisha.

"Imesema?" akauliza.

"Imesema, baba mdogo."

Skrini ikawaka. Mama Studio alipokuja akaona harusi zake zinakimbia bila kuganda, akashukuru, akauliza nani ameweka. Wakamwonyesha Binti. Alipopita kwenye meza ya Mzee alisalimia kwa haraka, macho kwenye zile bandeji, akavuta pochi yake karibu, kama vile ganzi inaambukiza.

Mchana ule walikuja wateja wanne. Wa kwanza alifika mpaka mezani kwa Mzee Kliki na kompyuta kwapani, Redio akakohoa, mteja akaelekezwa meza ya nne. Wa pili hakufika. Wa tatu na wa nne habari iliwakuta ngazini. Hakuna aliyetoa amri. Walipita tu, kama vile pale pamekaa hewa.

Saa kumi Mzee Kliki alikusanya bisibisi zake, akazifuta moja moja, akaenda kuziweka kwenye meza namba kumi na tano. Binti Boksi alikuwa anahudumia mtu. Aliziona, akasita, kisha akatafuta boksi tupu linalotosha, akazipanga ndani, akafunga kifuniko.

Mzee akarudi kwenye meza yake. Akaishika kwa viganja, kwa kuwa viganja bado vilikuwa vinasikia kidogo, akaivuta. Ilikuwa nzito. Hakuna aliyemsaidia, wala hakuna aliyethubutu kumzuia. Akaigeuza mwenyewe, uso ukutani, akaisukuma mpaka ikagota, akainama kuangalia kama imekaa.